Uzoefu wangu: kuomba leseni ya pesa za kielektroniki Lithuania

Wengi wananiuliza kuhusu hii leseni ya pesa za kielektroniki, yaani ruhusa ya kampuni isiyo benki kushika na kutuma hela za wateja kidijitali, haswa wenye wazo la kusaidia watu kutuma hela nyumbani toka Ulaya, basi wacha niseme nilichopitia. Sisi tuliomba Lithuania, kwa Benki Kuu yao pale Vilnius, maana ukiipata unaweza kuhudumia wateja nchi zote 30 za Eneo la Uchumi la Ulaya, halafu ile benki kuu ina mfumo wake wa malipo, CENTROlink, unaingia SEPA, yaani mtandao wa kutumiana euro Ulaya, bila kubembeleza benki ya biashara ikubebe. Kwangu hilo peke yake lilitosha.

Mtaji ni euro 350,000 na lazima uonyeshe umetoka wapi. Kila mtu anaogopa hiyo namba, ila siyo iliyotutoa jasho. Jasho lilikuwa kwenye makaratasi.

Tulimlipa konsaltanti atuandalie, jina sitaji. Akatuletea kabrasha la kuzuia utakatishaji fedha, nene, limepangwa vizuri kweli, nikakaa nalo usiku nasoma ukurasa kwa ukurasa, kufika katikati nakuta eti ripoti zipelekwe kwa mamlaka ya Malta. Malta! Yaani kachukua la mteja mwingine kabadilisha jina la kampuni tu, roho iliniuma sana maana hela ilishaenda. Tukaandika upya wenyewe, miezi minne.

Na afadhali tuliandika, kwa sababu maswali ya benki kuu huwezi kuyajibu na vitu vya kukopi. Mteja akiweka euro 50 Jumamosi usiku, Jumatatu ziko akaunti gani, nani anahakiki? Hela ya wateja inakaa mbali na ya kampuni, huigusi hata kama mishahara imekwama. Walituuliza hilo mara tatu kwa namna tofauti, na ile ya tatu ndo nikagundua sisi wenyewe tulikuwa hatujaelewa.

Mtaambiwa uamuzi ni miezi mitatu. Ni kweli, ila inahesabiwa toka faili likamilike, siyo siku uliyolipeleka. Na leseni ndogo ya bei rahisi ipo, lakini inaishia ndani ya Lithuania tu.

Ukitafuta konsaltanti, kabla hujalipa mpe kalamu akuchoree safari ya hizo euro 50. Akianza kukwepa, ondoka.