Cherehani ya Nyumbani: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Iachwe Dukani

Mtu anayetaka kushona nyumbani kwa kujiburudisha, bila nia ya kufungua kibanda cha ufundi, mara nyingi huingia dukani na maswali ya mfanyabiashara: mashine inakwenda kasi kiasi gani, ina mishono ya aina ngapi, na ni ya kampuni ipi. Maswali hayo yana mahali pake, lakini kwake yeye yanatanguliwa na mengine mawili, yaani atashona kitambaa cha aina gani, na siku mashine itakapogoma ni nani aliye karibu anayeweza kuifungua na kuifunga tena. Mpangilio ulio hapa chini umejengwa juu ya maswali hayo mawili, na ndiyo maana mashine za bei kubwa hazikushika nafasi ya kwanza.

Tuanze na kitambaa. Sehemu kubwa ya kinachoshonwa majumbani mwetu, kuanzia pindo za kanga na foronya hadi mapazia na gauni la kitenge, ni kitambaa kilichofumwa ambacho hakivutiki. Kitambaa cha namna hiyo hakidai zaidi ya mshono mmoja ulionyooka, mradi uwe sawasawa juu na chini. Kinachodai zigizaga, yaani mshono unaokwenda kulia na kushoto, ni kitambaa kinachovutika, kama cha tisheti au nguo za michezo, kwa sababu mshono ulionyooka hukatika pale nguo inapotanuka mwilini. Anayejua kwamba miaka miwili ijayo atashona kanga, vitenge na mashuka hana sababu ya kulipia mishono arobaini ambayo hataigusa.

Nafasi ya kwanza: cherehani nyeusi ya chuma

Ni ile ambayo wengi tumeiona kwa bibi au kwa fundi wa barazani: kichwa cheusi cha chuma chenye nakshi za rangi ya dhahabu, kikiwa juu ya meza yenye kikanyagio, au kikiwa na mpini wa kuzungusha kwa mkono. Kampuni ya Singer, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1851 na Isaac Merritt Singer, ndiyo iliyoeneza umbo hili duniani, na mashine zake nyingi za zamani zilitoka katika kiwanda cha Clydebank huko Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Nyingi kati ya zinazouzwa mpya leo, zikiwemo za Butterfly kutoka China, zinafuata muundo wa Singer namba 15. Kufuata muundo huo ndiyo faida yenyewe, kwa kuwa bobini (kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini), kikasha cha bobini, mkanda na sindano za mashine moja huingia katika nyingine, vipuri hupatikana Kariakoo kama vinavyopatikana katika miji midogo, na fundi anayeijua hakosekani mtaani.

Ili mnunuzi apime kama nguvu za mkono au mguu zitamtosha, achukue kazi moja anayoifahamu, yaani kupinda doti ya kanga. Doti ikishakatwa vipande viwili hubaki kingo nne za kupinda, kila moja ikiwa na sentimeta 110 hivi, jambo linaloleta jumla ya karibu mita 4.4 za mshono. Sindano ikishuka kila baada ya milimita 2.5, itashuka takriban mara 1,760. Mpini wa mkono umefungwa gia zinazoifanya sindano ishuke kama mara tatu kwa kila mzunguko, kwa hiyo doti nzima itadai mizunguko isiyozidi 600, ambayo mtu mzima huimaliza huku akiongea na wageni. Kwa kazi za burudani, kasi hiyo haina upungufu wowote.

Kati ya ya mkono na ya kukanyaga, ninapendekeza ya kukanyaga kwa yeyote mwenye nafasi ya meza, kwa sababu humwachia mikono yote miwili ya kuongoza kitambaa, ilhali mpini huuchukua mkono wa kulia na kuuacha wa kushoto ukihangaika peke yake kwenye kona na mizunguko ya shingo. Anayeishi katika chumba kimoja achukue ya mkono na kuiweka chini ya kitanda, hatajuta. Kikanyagio nacho kina ugumu wake wa siku za mwanzo. Gurudumu la mashine hizi linapaswa kuzunguka kuelekea kwa mshonaji, na mguu usiozoea huligeuza kinyume bila mtu kutambua, uzi ukajikunja chini na kukatika. Dawa yake ni kuondoa uzi kabisa, kuweka karatasi ya daftari yenye mistari chini ya mguu wa cherehani, yaani kile kibano kinachokandamiza kitambaa, na kutoboa mstari mmoja baada ya mwingine mpaka mguu wa mshonaji ujifunze kuanza, kusimama na kuanza tena bila kurudi nyuma.

Udhaifu wa mashine hii ni wa wazi. Haina zigizaga, haishoni tundu la kifungo, na kuihamisha kutoka chumba kimoja hadi kingine ni kazi ya watu wawili ikiwa na meza yake. Kingo za ndani zinazochanika zitalazimika kufichwa kwa kushonwa mara mbili, kwanza upande wa nje kisha upande wa ndani, na matundu ya vifungo yatashonwa kwa mkono. Kwa mtu anayeshona kwa kupenda, hayo si adhabu kubwa. Zaidi ya hayo, vichwa vingi vya aina hii vina mahali pa kufungia mota ndogo nyuma ya gurudumu, hivyo anayechoka kukanyaga anaweza kuongeza umeme baadaye bila kununua mashine nyingine.

Anayenunua Singer kuukuu asitegemee jina lililochapwa kwa rangi ya dhahabu, kwa kuwa jina hubandikwa kirahisi. Aangalie namba iliyogongwa kwenye chuma, upande wa kulia karibu na gurudumu. Namba inayoanza na herufi ni ya mashine iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1900 na kuendelea. Umri wenyewe si kasoro. Kasoro ni kutu kwenye meno yanayovuta kitambaa na kulegea kwa nguzo inayobeba sindano. Mashine iliyoganda kwa mafuta makavu huweza kufunguliwa kwa mafuta ya taa kisha ikatiwa mafuta halisi ya cherehani, na hapo ndipo muuzaji anapopaswa kuulizwa kwa upole kama imewahi kutiwa mafuta ya kupikia, ambayo hugeuka gundi.

Nafasi ya pili: cherehani mpya ya umeme yenye zigizaga

Hii ndiyo chaguo la anayeshona nguo za watoto zinazovutika, anayetaka matundu ya vifungo bila kushika sindano ya mkono, na anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki mara kwa mara. Singer, Brother na Janome ndizo zinazojulikana zaidi. Idadi ya mishono iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi isimtie mtu wazimu. Singer Heavy Duty 4423, kwa mfano, ina mishono 23 na hufika hatua 1,100 kwa dakika, yaani sindano hushuka mara 1,100, na hata hapo mshonaji wa nyumbani atarudia ile ile mitano au sita: ulionyooka, zigizaga, wa kitambaa kinachovutika, wa kupinda bila uzi kuonekana, na wa tundu la kifungo.

Kitu cha kuuliza badala ya idadi ni kama fremu ya ndani ni ya chuma. Mashine iliyojengwa juu ya plastiki tupu hutetemeka inapokutana na pindo la jinzi, na kadiri siku zinavyopita sindano huanza kupishana na ndoano inayoudaka uzi chini. Uliza pia kama urefu wa mshono unarekebishwa kwa kitasa cha peke yake au umefungwa katika hatua zilizopangwa kiwandani. Mwenye uhuru wa kurekebisha ataweza kushona mishono mirefu ya kukunjia marinda. Bobini inayoingizwa kutoka juu chini ya kifuniko kinachoonyesha ndani humsaidia sana anayeanza, kwa sababu anauona uzi unaokaribia kuisha kabla haujaisha katikati ya zipu.

Hapa kuna neno kwa wapenzi wa kudarizi kwa mishono ya msalaba. Cherehani za kompyuta zinazojidarizi zenyewe ni za biashara ya nembo na majina kwenye sare, na hazimpi mtu ile starehe ya kuhesabu vijumba jioni baada ya kazi. Kwa kudarizi huko, kinachohitajika ni kitambaa cha aida chenye vijumba 14 kwa inchi, sindano butu namba 24, fremu ya mviringo, na uzi wa pamba wenye nyuzi sita ambazo mbili huchomolewa na kutumika kwa wakati mmoja. Mchoro wa misalaba 70 kwa 98 utatoka na ukubwa wa inchi 5 kwa 7. Cherehani yenye zigizaga huingia mwanzoni, kuzifunga kingo za aida zisichanike kazi ikiendelea, na mwishoni, kazi inapogeuzwa kuwa foronya ya mto wa kochi. Kama hilo ndilo lengo kuu, nafasi ya pili inaweza kabisa kupanda na kuwa ya kwanza.

Nafasi ya tatu: ya umeme iliyotumika

Katika mitumba na katika makontena ya ndugu walio ughaibuni huja cherehani nzuri sana za miongo iliyopita, nyingine zikiwa na mwili mzima wa chuma. Ningeziweka juu zaidi kama si hatari moja inayoziua nyingi siku ile ile zinapofika, nayo ni umeme. Nyumba zetu zina volti 230 au 240. Mashine iliyotoka Uingereza au Oman itafanya kazi bila shida, lakini ya Marekani na Kanada hutengenezwa kwa volti 120 na ya Japani kwa volti 100, na ikichomekwa ukutani moja kwa moja mota huungua. Kibandiko chenye idadi ya volti na wati huwa nyuma au chini ya mashine, na kisomwe kabla ya bei kuzungumzwa. Kikanyagio chake cha umeme nacho kina kibandiko chake, na viwili hivyo vikubaliane. Anayeipenda mashine ya volti 120 hesabu zake zijumlishe transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati za mashine, na transfoma hiyo iandikwe maneno makubwa ili mtoto au mgeni asiikwepe.

Mnunuzi aende sokoni na vitambaa vyake: kipande cha kanga, kitenge kilichokunjwa mara mbili, na jinzi iliyokunjwa mara nne. Achukue pia sindano mpya namba 14 na nyuzi za rangi mbili tofauti, nyekundu juu na nyeupe chini. Nukta nyeupe zikijitokeza upande wa juu, uzi wa juu umekazwa mno. Nyekundu ikionekana chini, umelegea. Kasoro hiyo hurekebishwa kwa kitasa, na kama kitasa hakibadilishi chochote, tatizo liko ndani. Ashone, arudi kinyume, ajaze bobini, kisha aache mashine ikimbie dakika chache na anuse. Harufu ya kuungua haijadiliwi bei.

Nafasi ya nne: ya kiwandani

Mashine kama Juki DDL-8700 hufika hatua 5,500 kwa dakika na hushona mshono ulionyooka ambao hakuna ya nyumbani itakayoufikia. Huja na meza yake, ina sauti, ina beseni la mafuta, na kwa mwanafunzi inakimbia kuliko mawazo yake. Mwenye mpango wa kupokea kazi za watu anunue, mwingine asubiri. Ovaloki nayo iko katika kundi hili, kwa maana kwamba hufunga kingo kwa uzuri lakini haiwezi kuchukua nafasi ya cherehani.

Nafasi ya mwisho: vicherehani vya plastiki

Ni vile vidogo vya betri na vile vya kushika kwa mkono kama stepla. Vile vya mkononi hushona kwa uzi mmoja, kwa hiyo ncha ikivutwa mshono wote hufumuka. Wanaovinunua kwa ajili ya watoto wafahamu kwamba mtoto hukata tamaa ya kushona mapema zaidi kwa chombo kibaya kuliko kwa chombo kigumu.

Siku ya kununua yoyote kati ya hizi, risiti iandikwe jina na namba ya mashine, na muuzaji akubali kwa maandishi muda wa kuirudisha. Palepale zinunuliwe bobini tano za ziada za muundo ule ule, chupa ya mafuta ya cherehani, na sindano namba 11 kwa vitambaa vyepesi, 14 kwa kanga na kitenge, na 16 kwa jinzi. Sindano ziwe zile zenye upande mmoja bapa kichwani, ambazo huingia katika cherehani nyeusi na katika nyingi za umeme za nyumbani. Zenye kichwa cha mviringo ni za kiwandani, na muuzaji mwenye haraka huzichanganya katika pakiti moja.