Tahadhari: Wauzaji wa safari za Kisite wanaojitolea kukulipia kiingilio

Ninawatahadharisha wote wanaokusudia kuzuru Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, kusini mwa pwani ya Kenya, kuhusu ulaghai uliotupata mwezi uliopita.

Tulikuwa wanne: mimi na mke wangu, pamoja na shemeji yangu anayeishi Ujerumani na mumewe Mjerumani. Ufukweni Diani tulikutana na kijana mwenye kitambulisho kifuani na albamu ya picha za pomboo, akatuuzia safari ya siku nzima, yaani gari hadi Shimoni, mashua, miwani ya kupigia mbizi, chakula cha mchana kisiwani Wasini, na kiingilio cha hifadhi. Alitaka fedha zote mapema, kwa M-Pesa, kwenye namba yake mwenyewe. Shemeji na mumewe aliwatoza kiingilio cha mgeni, ambacho ni ghali kuliko cha raia, ingawa shemeji ana pasipoti ya Kenya. Nasi, kwa kuona haya ya kubishana mbele ya mgeni, tukalipa.

Asubuhi pale Shimoni, askari wa wanyamapori alikagua tiketi tuliyotumiwa kwa WhatsApp. Ilikuwa halali kabisa, ila ilikuwa ya raia wanne. Kijana alikuwa ametia tofauti mfukoni, na simu yake haikupatikana tena, hivyo tukalazimika kumlipia Mjerumani wetu upya. Nahodha naye, ambaye simlaumu, alisema amelipwa nauli ya kutufikisha Wasini tu, si hadi Kisite ndani ya hifadhi.

Jambo hili la pili ndilo gumu kuligundua, kwa sababu baharini hakuna ukuta wa kuonyesha mpaka wa hifadhi. Kisite ni eneo ambalo uvuvi umepigwa marufuku, na ndiyo maana watu husafiri mbali kwenda kutazama matumbawe na samaki wake. Mpunguti ni hifadhi ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mtu asiyeijua pwani anaweza kuteremshwa kwenye mwamba wowote akaambiwa amefika, naye akarudi nyumbani akiwa ameridhika.

Kiingilio lipeni wenyewe kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya Kenya ya huduma na malipo, mkichagua kundi linalomfaa kila mmoja, na mbebe kitambulisho au pasipoti. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) halipokei fedha taslimu, na namba ya malipo ya serikali ni 222222, si ya mtu binafsi hata awe mpole vipi. Kwa upande wa mashua, toeni malipo ya awali tu, mwandikiane mahali nanga itakapotiwa, na salio mlimalizie gatini Shimoni baada ya kuzungumza na nahodha mwenyewe.

Tumepiga ripoti polisi na kuwakabidhi ujumbe wa M-Pesa. Yeyote aliyeuziwa safari kwa namna hii Diani asifute ujumbe wake wala tiketi aliyotumiwa, bali azipeleke kituoni, kwani tuliambiwa kwamba lalamiko la familia moja huchukuliwa kama mzozo wa bei.