Gmail kwa mawakala wa forodha: sifa zake na kero zake

Kazi yetu ya kutoa mizigo Kilindini, bandari ya Mombasa, ni barua pepe tupu. Kampuni ya meli inatuma BL (hati ya shehena), mteja anatuma invoisi, yadi inauliza malipo, halafu kuna yule wa kujibu "Sawa" kwa watu wote walionakiliwa. Ofisini kwetu, Moi Avenue, tunatumia Gmail ya kawaida, ya bure. Ninachoisifia zaidi ni utafutaji, ingawa utafutaji wenyewe una tabia zake.

Nambari ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba. Gmail hutafuta neno zima, si kipande chake. Kwa hivyo ukiandika tarakimu peke yake, barua ambamo nambari imeshikana na herufi haitokei, na utaapa kwamba hukuletewa. Sisi tumekubaliana: nambari ishikane, na ikae mwanzo wa kichwa cha barua. "Habari za asubuhi" si kichwa cha barua, jamani! Na kontena jipya lipewe barua mpya. Ukijibu ile ya mwezi uliopita bila kugusa kichwa, mzigo wa leo unajificha chini ya mzigo uliokwisha toka. Ukikibadili, Gmail inaanzisha mazungumzo mengine kando.

Nafasi ya bure ni GB 15, na hapo ndipo watu hushikwa, kwa sababu inagawanywa na Drive, hifadhi ya mafaili ya Google mtandaoni, pamoja na picha za simu. Andika larger:10M older_than:2y kwenye kisanduku cha kutafutia: zitakuja barua nzito za zaidi ya miaka miwili. Pakua nyaraka kwenye kompyuta ya ofisi kwanza, ndipo ufute. Kiambatisho kikizidi MB 25, Gmail hukipeleka Drive na kutuma kiungo tu; hakikisha umemruhusu mwenzako kukifungua, la sivyo ataanza kuomba ruhusa nawe uko forodhani.

Kuratibu muda wa kutuma kunanisaidia sana na Shanghai, wanaotutangulia kwa saa tano. Sisi tukifika saa sita mchana, wao wanafunga. Naandika jioni, naipanga iende saa tisa usiku, wanaikuta juu kabisa wakifungua ofisi. Kutendua barua iliyokwisha tumwa nako ni kuzuri, ila mpangilio wa mwanzo ni sekunde 5, hata jicho hujapepesa. Ingia kwenye mipangilio uweke 30.

Vichupo vya Chat (ujumbe) na Meet (simu za video) pembeni sivipendi. Wateja wa hapa wako WhatsApp, basi. Navyo vinazimika kwenye mipangilio.

Lakini lililo muhimu kuliko haya yote ni nenosiri. Ofisi nyingi za mjini zina anwani moja, na nenosiri lake limebandikwa ukutani. Haina haja. Gmail ina uwakilishi: mwenye akaunti anawapa watu hadi 10 ruhusa ya kusoma, kujibu na kufuta, kila mtu akiingia kwa akaunti yake. Nenosiri hawawezi kulibadili. Kijana akiacha kazi unaondoa jina lake peke yake, wengine wanaendelea na makontena yao.