Ufito upi ununue kwa fimbo ndefu ya furu, ngege na sato: mpangilio wangu kutoka Mwanza

Mara kwa mara mtu hunijia Nyegezi akiwa na ufito mkononi, yaani fimbo tupu ya kuvulia, ameshaulipia, anataka nimfungie pete za kupitishia uzi na kumwekea mpini. Ninaupokea, ninaunyoosha mbele yangu kama ninayemwonyesha mtu ng'ambo ya ziwa, na kabla sijahesabu hadi thelathini kifundo cha mkono kimeshaanza kuuma. Ncha ni nzito. Hapo sina la kumsaidia. Mpini naweza kubadilisha, pete naweza kuzipanga upya, lakini uzito wa ncha ndio ameununua tayari, na ataubeba kila jioni atakapokaa juu ya jiwe.

Haya nimemwandikia yule ambaye hela bado iko mfukoni: aina tano za fito, nikianza na ile ninayoiona bora.

Fimbo ninayoisema ni ya samaki wa kikaangoni: furu, ngege, sato wa kutosha sahani, na gogogo akijileta. Sangara ana fimbo yake na mazungumzo yake. (Na sato aliye chini ya sentimita 25 mrudishe majini, sheria ya uvuvi ndivyo inavyosema, na yule mdogo akiachwa atakuwa mlo wa kweli.)

Kwa nini iwe ndefu? Angalia ufuo wetu. Kuanzia Capri Point kwenda Luchelele ni mawe makubwa yaliyoingia majini, na furu wa mawe, wale wavuvi wanaowaita mbipi, wanakaa kwenye nyufa za mawe hayo hayo. Ukiingia kwenye vighuba unakutana na matete, mafunjo, na magugu maji yanayohama na upepo. Mwenye fimbo fupi analazimika kurusha, na ndoano yake inarudi na shungi la mizizi. Mwenye futi 12 hana haja ya kurusha. Ananyoosha mkono juu ya magugu, anatafuta tundu la maji lenye ukubwa wa beseni, anashusha nyungunyungu wima hadi pale chelezo kinapokaa. Samaki akishika, anamnyanyua wima vilevile, hakuna kumburuta kwenye majani.

Wamarekani wana uvuvi unaofanana kabisa na huu. Samaki wao wanaitwa crappie na bluegill, wanajificha kwenye miti iliyozama, na huvuliwa kwa fimbo za futi 10 hadi 16. Ndiyo maana fito nyingi nzuri za urefu huu zinazoagizwa zimetengenezwa kwa ajili ya samaki hao, na maandishi ya shinani yanafuata vipimo vyao. Ukiona ratili 2 hadi 6, hiyo ni nguvu ya uzi, takribani kilo 1 hadi 2.7, na kwa furu na ngege inatosha sana. Crappie ana mdomo laini kama karatasi, unachanika ukimvuta kwa pupa, kwa hiyo fito zake hupinda taratibu. Upole huo unatufaa na sisi, kwa sababu furu ana kinywa kidogo na ndoano yake ni ndogo.

Urefu wenyewe: chukua futi 11 au 12, yaani mita 3.4 hadi 3.7. Kwenye mtumbwi futi 10 inatosha. Futi 14 na kuendelea ni ya mikono miwili, na upepo wa ziwani ukianza kuvuma mchana inakuwa kama umeshika bendera.

Ya kwanza: mchanganyiko wa kaboni na faibaglasi

Kama unanunua ufito mmoja tu na unataka ukae miaka, chukua huu. Shina lake ni la kaboni, jepesi na gumu, na ncha yake ni ya faibaglasi, nyembamba na laini. Kaboni ina uzito wa gramu 1.8 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, faibaglasi 2.5, na kaboni ni ngumu zaidi kwa uzito uleule, kwa hiyo fundi wa kiwandani anaweza kuifanya kuta zake kuwa nyembamba. Kwenye futi 12 tofauti hiyo unaisikia mkononi waziwazi. Ncha ya faibaglasi nayo inafanya kazi ambayo kaboni tupu inaifanya vibaya: furu hagongi, ananyonya, na ncha laini inainama hata kwa mvuto mdogo kiasi hicho.

Tafuta ncha ya milimita 1.6 hadi 2. Ikizidi hapo, pete ya mwisho inakuwa kubwa na nzito, na tumerudi kwenye kifundo cha mkono.

Vipande viwili vinatosha. Vitatu navikubali kwa anayesafiri kwa basi au pikipiki, ila kila kiungo ni uzito, na kila kiungo ni mahali pa kulegea. Kiungo ambacho kipande cha juu kinavaa juu ya cha chini, kikague hivi: viunganishe, shika shinani, tikisa ncha kwa nguvu ukiwa umeweka kidole juu ya kiungo. Ukisikia hata mlio mdogo wa tik, uache. Mimi pia sikubali kiungo ambacho sehemu inayoingiliana ni fupi kuliko mara tano ya unene wake.

Ya pili: mwanzi, lakini mwanzi uliochaguliwa

Najua wapo watakaoshangaa kuuona mwanzi juu ya kaboni tupu. Kuna babu mmoja wa Ukerewe huja Mwanza na meli kutoka Nansio, na mwanzi wake ana nao mwaka wa saba. Mara ya kwanza kuushika nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, akaniwekea ile fimbo mkononi bila neno lingine. Futi 11, rangi ya asali, kila pingili imezungushiwa uzi mwekundu uliopakwa vanishi, ncha nyembamba kama njiti ya kiberiti. Ilikuwa nyepesi kuliko fito nyingi za dukani nilizokuwa nazo siku ile.

Siri yake ni kuchagua na kukausha. Mwanzi mchanga una maganda bado, una unga mweupe kwenye ngozi, na ukiugonga kwa ukucha unatoa sauti butu. Huo ukikauka utasinyaa na kupasuka. Uliokomaa, wa miaka mitatu au zaidi, umepoteza kijani kile cha kung'aa, una madoa ya kijivu, na ukiugonga unalia. Shinani uwe na unene wa kidole gumba, usizidi. Pingili zikaribiane shinani na ziachane taratibu kuelekea juu. Ukiona pingili mbili zimegeukiana kama kiwiko, upite.

Kata wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, mwanzi ukiwa na maji kidogo. Wadudu watobozi wanafuata wanga ulio ndani, na mwanzi uliokatwa masika wanaupenda zaidi. Kama unanunua uliokwisha kukatwa, ugonge shina lake juu ya karatasi nyeupe. Ukidondosha unga laini wa rangi ya krimu, tayari kuna wenyeji ndani.

Kisha uning'inize kivulini, ncha ikiwa juu, shinani umefunga jiwe ili uzito wake uunyooshe. Usiuanike juani, jua linaupasua upande mmoja. Mimi huuacha wiki sita. Baada ya hapo unaupitisha juu ya jiko la mkaa, pingili moja moja, ukiuzungusha bila kusimama. Utaona ngozi inaanza kutoa jasho linalong'aa kama mafuta. Hapo ndipo unapinda: shika kwa kitambaa, nyoosha pole pole juu ya goti, ushikilie hadi upoe. Ukiharakisha, unasikia pa, na wiki sita zimekwenda.

Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ufito wa kuagiza. Unacholipa ni muda. Kasoro moja haiepukiki: mwanzi unakuja mzima, hauna kiungo, na kondakta wa daladala hatafurahi. Ukiukata na kuuwekea kiungo cha bomba la shaba, unauongezea uzito katikati. Kwa anayeishi karibu na maji, kwa mfano Igombe au Kayenze, ningesema anza na mwanzi kabla hujatuma hela popote.

Ya tatu: kaboni tupu

Ndiyo nyepesi kuliko zote na ndiyo inayokupa habari za samaki upesi kuliko zote. Ingekuwa ya kwanza kama ziwa letu lingekuwa na kingo za udongo. Lakini hapa tuna mawe. Ukuta mwembamba wa kaboni ukigongwa na jiwe hauonyeshi kitu, nyuzi za ndani zimekatika, na siku samaki atakapovuta ndipo unajua.

Hili nimeliona kwenye meza yangu. Niliwahi kuagiza fito sita kupitia duka moja la mjini, nikalipa zote mbele. Zilifika kwenye buti la basi zimefungwa na magodoro ya watu, nami kwa furaha nikazifunga pete bila kuzikagua vizuri. Mbili zilikatika ndani ya mwezi, moja kwa ngege ambaye hakufika robo kilo. Kaka mwenye fimbo hiyo hakunigombeza. Aliweka vipande viwili mezani kwangu akanyamaza, na nilimrudishia hela yake yote. Tangu siku hiyo ufito wa kaboni sifungi kabla ya kuupitisha kwenye pamba: chukua tonge la pamba, uteleze nalo kutoka shinani hadi nchani, zungusha, rudia. Palipo na jeraha lililofika juu, pamba inanasa nyuzi. Ufanye hivyo dukani, mbele ya muuzaji.

Na kuna radi. Kaboni inapitisha umeme. Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na mwenye fimbo ya futi 12 juu ya jiwe tupu ndiye kitu kirefu kuliko vyote jirani yake. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, ilaze chini, iache, ondoka. Mwanzi ulioloa nao usiuamini. Nyaya za umeme zinazopita karibu na mialo ni hatari ileile, hata anga likiwa safi.

Ya nne: zile za kuchomoa kama antena

Zipo kila mahali, zinaingia kwenye begi, na mtoto anayejifunza anazipenda. Nyingi huja zimekamilika, si za kufunga upya. Vipande vitano au sita maana yake viungo vinne au vitano, na mchanga wa ufukweni ukiingia ndani vinakwama au vinalegea. Nunua ikiwa huna pa kuweka fimbo ndefu nyumbani. Isuuze kwa maji safi kila ukitoka na uikaushe ikiwa imefunguliwa.

Ya tano: faibaglasi nzito

Huu ni ule ufito mnene uliotengenezwa kwa samaki wakubwa, unaouzwa kwa bei nafuu kwa sababu ni "imara". Ni imara kweli, gari linaweza kuukanyaga. Kwa furu haufai. Usiununue hata ukipewa punguzo.

Ukishaamua aina, muuzaji akupe dakika tano, na asipokupa nenda duka la pili. Unganisha ufito, ushike pale mpini utakapokaa, uunyooshe mlalo na usimame hivyo ukiongea naye. Ukichoka kabla hamjamaliza habari za nyumbani, hutaweza kukaa nao jioni nzima. Halafu ubingirishe juu ya kaunta: ncha ikiruka-ruka, umepinda. Mwisho tafuta upande wake mgumu. Simamisha kipande cha juu sakafuni kwa pembe, kandamiza katikati kwa kiganja huku ukikizungusha kwa mkono wa pili, na mahali fulani kitageuka chenyewe kwa mruko. Weka alama ya chaki hapo, kwa sababu fundi wako atataka kuzipanga pete kwenye mstari huo, na usipomwonyesha atapoteza nusu saa kuutafuta.

Bajeti yako yote usiimalizie kwenye ufito. Bakisha ya pete nyepesi, uzi wa kufungia na epoksi. Pete sita nyepesi nzuri zinashinda kumi za chuma kizito, kwa ufito uleule. Mpini unaweza kuutengeneza kwa vipande vya ndala za zamani vilivyotobolewa katikati na kubandikwa. Ni mwepesi, haunyonyi maji, na mkono wenye magamba ya samaki hauutelezi. Rili ndogo iweke karibu na shina kabisa, uzito wake ukisaidie kiganja chako kuinua ncha.

Siku ya kuuchukua nenda na bomba la plastiki la fundi bomba, la inchi mbili, lililokatwa urefu wa kipande kirefu kuzidi kidogo, na vifuniko viwili. Utie ndani ukiwa umeufunga kwa khanga kuukuu, uandike jina lako na neno "USIKALIE", na kwenye basi ukae nao mwenyewe, usiupeleke kwenye buti.