Dawa ya ukijani wa paa: kabla hujanunua, kaangalie elbo ya simtank

Masika yakiisha maswali ni yale yale. Mama wa Kibosho vigae vyake vimeota manyoya ya kijani, kaka wa mtaa wa Sakina, Arusha, paa lake lina michirizi myeusi kama kuna aliyemwaga oili chafu kuanzia kofia ya kileleni hadi kwenye gata. Mwaka huu limeongezeka lingine. Kuna duka linauza kidumu cha lita tano kilichoandikwa kwa kalamu ya wino "DAWA YA PAA". Hakina jina la kiwanda wala kiambato, hata tarehe haipo. Dada mmoja wa Machame alipuliza, mvua ikaja, asubuhi akafungua bomba la simtank likatoa povu. Kumpigia muuzaji, kajibiwa: "Haina madhara mama, hata kuku wanakunywa."

Kwa hiyo hapa sipangi kwa bei, wala kwa kasi ya kung'arisha. Kung'arisha karibu zote zinang'arisha. Napanga kwa swali ambalo wauzaji hawalipendi: dawa ikishamaliza kazi huko juu, kwenye maji ya kunywa inabaki nini?

Ukiishi mjini na maji ya mamlaka yanatoka kila siku unaweza kuniona nakuza mambo. Nenda Ngarenanyuki au Oldonyo Sambu, huko Arusha. Maji ya huko yana floraidi nyingi, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Yale meno ya kahawia ya watoto hayatokani na kutopiga mswaki. Maji ya mvua floraidi yake ni kidogo mno, ndiyo maana watu wanayakinga kwa bidii. Sasa uyakinge, halafu uyatilie sumu kwa mkono wako ili paa lipendeze kwenye picha za harusi?

Namba moja, basi, siyo dawa. Ni elbo, kile kiungo cha kona cha bomba la PVC, isiyogundishwa. Angalia pale bomba la gata linapoingia kwenye tangi. Kwenye nyumba nyingi fundi kapaka gundi ya Tangit kila kiungo mpaka cha mwisho, ukitaka kuchepusha maji ukate kwa msumeno. Mwambie elbo ya mwisho aiingize kavu, iwe inazungushwa kwa mkono kuelekea nje. Siku ya kupuliza unaigeuza, maji yote yanamwagika kwenye shimo la kokoto mbali na bustani, na hairudi mpaka mvua kubwa kadhaa zisafishe paa. Ukiwa na hela kidogo ya ziada, ongeza bomba la kusimama lenye plagi ya uzi chini, lishike maji ya kwanza ya kila mvua. Ila usidanganyike na kibomba kifupi. Kanuni ya chini ni nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, yaani paa la mita 100 za mraba linataka lita 50, na bomba la inchi nne hubeba lita nane na kitu tu kwa mita. Kwa hiyo linasaidia vumbi na kinyesi cha ndege. Siku ya dawa ni elbo.

Namba mbili ni Jik, na hapa sifichi upendeleo wangu. Nasema Jik yenyewe, siyo "jiki" ya kupimiwa kwenye chupa ya maji pale sokoni, maana chupani imeandikwa nguvu yake: klorini ya asilimia 3.5 hivi. Naipenda kwa sababu inaua kisha yenyewe inakufa. Jua na uchafu vinaivunja, kinachobaki zaidi ni chumvi. Sasa sikiliza, hapa wengi wanakosea. Chama cha watengeneza paa za lami huko Marekani, ARMA, hushauri kuchanganya jiki nusu kwa nusu na maji, kuacha dakika 15 hadi 20, kisha kusuuza kwa maji yasiyo na presha. Watu wanaiga. Lakini jiki ya Marekani ina asilimia 5 hadi 8, ukiigawa nusu unapata karibu kile kilichomo kwenye Jik yetu kabla hujaweka tone la maji. Kwa ile michirizi myeusi Jik mbili kwa maji moja inatosha. Kwa manyoya ya kijani kwanza kwangua yakiwa na unyevu, kwa brashi ya nailoni, ukivuta kutoka juu kwenda chini, kisha puliza Jik bila kuongeza maji. Chagua siku ya mawingu isiyo na mvua, jua kali huikausha kabla haijafanya kazi. Migomba iliyo chini ya gata imwagilie maji mengi kabla na baada. Gata zikiwa za bati suuza sana, klorini hula zinki. Na pampu ya kupulizia isiwe na mabaki ya dawa ya choo yenye asidi: vikikutana hutoka gesi ya klorini, na juu ya ngazi hakuna pa kukimbilia.

Namba tatu ni ukanda wa zinki. Huu hauui kilichokwisha kuota, unazuia kisirudi. Ushahidi upo juu ya paa lako: tazama pale fundi alipoziba kwa kipande cha bati lisilopakwa rangi, chini yake kigae ni kisafi hadi mbali, pembeni kumejaa kijani. Mvua inalamba zinki kidogo kidogo, na mimea hiyo haiipendi. Mwambie fundi bati akukatie vipande virefu vya bati tambarare la zinki, avichomeke chini ya kofia vikitokeza upana wa vidole vinne. Paa likiwa refu weka mstari wa pili katikati, nguvu hufifia kadiri unavyoshuka. Kwenye tangi? Bibi zetu wamekunywa maji ya bati la zinki maisha yao yote. Zinki ikizidi miligramu 3 kwa lita, maji huanza kuwa na ladha mbaya, utajua mwenyewe.

Namba nne ni dawa za benzalkoniamu, kemikali ya kuua vijidudu na ukungu, mfano ile Wet & Forget ya New Zealand ambayo mashemeji wa ughaibuni hutuletea kwenye begi. Unapuliza, unaondoka, mvua inamalizia kazi kwa wiki na miezi. Kwa mvivu ni raha. Shida ni hiyo hiyo: inakaa, maana yake elbo nayo ikae nje muda mrefu, na ina sumu kali kwa samaki, kwa hiyo mwenye bwawa la perege asiiguse.

Mrututu, yaani ile salfeti ya shaba ya buluu, nauweka mkiani kwa makusudi, najua Wachagga mtanipigia kelele. Shaba imepigana na ugonjwa wa chulebuni kwenye kahawa yetu miaka na miaka, bomba la kupulizia lipo stoo, kwa nini usipande nalo juu? Kwa sababu shaba ikitua kwenye bati, hata yale ya chembe za mawe pale chembe zilipobanduka, zinki inaliwa na kutu inafuata. Na haivunjiki. Inakaa kwenye udongo na kwenye tope la chini ya tangi.

Chumvi, Omo, majivu, dizeli: hapana.

Mashine ya presha ya kukodi nayo hapana. Inang'oa chembe za mawe ulizolipia, na kwenye vigae vya saruji inachubua ngozi ya juu, mwakani kijani kinashika vizuri zaidi.

Hicho kidumu cha kalamu ya wino, kwa harufu niliyoisikia, ni klorini ileile imetiwa sabuni na rangi. Na bei wameizidisha kwa sababu ya neno "paa". Ukikutana nacho omba lebo na risiti ya EFD. Akianza kukuita "mteja wangu" kwa sauti laini, nenda duka la pili ununue Jik, bakisha hela ya fundi bati. Kama matawi ya mgrivea yanalalia paa, mlipe kijana ayakate kwanza. Kivuli kikibaki, utapuliza tena baada ya vuli.