Pistoni na hedi ya pikipiki: zipi ununue pamoja, zipi uziache kaunta

Ukiingia duka la spea Arusha au Moshi mjini ukaulizia pistoni ya kuongeza nguvu (pistoni ndiyo kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda), jibu utakalopata mara nyingi ni hili: "Inaingia hiyo, kaka." Na kweli itaingia. Lakini kuingia ni jambo moja, kufaa ni jambo lingine kabisa, na tofauti yake utaijua ukiwa mlimani na mzigo.

Mimi niliijulia njia ya Kibosho. Nilikuwa nimenunua silinda na pistoni ya milimita 62 kwa pikipiki yangu ya cc 125, nikaacha hedi ileile ya zamani, yaani kifuniko cha juu ya silinda chenye valvu, kwa sababu muuzaji alisema bolti zinakaa. Zilikaa. Siku mbili za kwanza, barabara ya tambarare kwenda Himo, pikipiki ilivuta mpaka nikafurahi. Siku ya tatu nikapandisha mifuko miwili ya saruji. Katikati ya mlima nikasikia mlio kama punje za mahindi zinazotikiswa ndani ya kopo, halafu nguvu ikakatika. Tulipofungua, ukingo wa pistoni upande wa valvu ya moshi ulikuwa umelika kama kitu kilichong'atwa na panya, na ringi ya juu imevunjika vipande viwili.

Sababu yake ni hesabu ya darasani. Injini nyingi za Kichina za 125 za aina ya CG (mfumo wa Honda CG125) zina pistoni ya kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo, yaani umbali inaopanda na kushuka, wa milimita 49.5. Hapo ujazo ni cc 124. Kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi, ikiwa 9 kwa 1, nafasi inayobaki juu pistoni inapofika kileleni ni kama cc 15.5. Ukiweka pistoni ya 62 na mwendo uleule, ujazo unakuwa cc 149. Hewa yote hiyo sasa inabanwa kwenye cc 15.5 zilezile, na kompresheni inapanda hadi 10.6 hivi. Mchanganyiko wa petroli unalipuka kabla ya wakati, joto linapanda, pistoni inaliwa.

Ukifanya kinyume, ukafunga hedi ya 150 juu ya silinda ya 125, kompresheni inaanguka hadi karibu 7.6. Pikipiki haitaharibika siku hiyo, ila asubuhi ya baridi ya Julai pale Ngaramtoni utapiga kiki mpaka jasho likutoke, na mafuta itakunywa bure.

Soma injini kabla ya kutoa hela

Karibu kila injini ya Kichina imegongwa herufi na namba kwenye kesi (ganda la chini la injini). 156FMI maana yake silinda moja, pistoni ya 56 na kitu, inapozwa kwa hewa, ni ya pikipiki, na I ya mwisho ni daraja la 125. 162FMJ ni pistoni ya 62, daraja la 150. 163FML ni ya 63, daraja la 200. Piga picha namba hiyo kwa simu, nenda nayo dukani.

Usidanganywe na namba ya cc peke yake. Boxer BM 150 ina pistoni ya milimita 56 tu; ujazo wake wa cc 144.8 unatokana na mwendo mrefu wa 58.8. Ukiiweka kaunta karibu na pistoni ya CG 125, kwa macho ni mapacha. Tofauti iko kwenye kimo kutoka katikati ya tundu la pini hadi kichwani, upana wa pini, na mahali mashimo ya valvu yalipochimbwa. Vilevile CG inasukuma roka (vyuma vinavyofungua valvu) kwa vijiti, wakati injini nyingine za 125 zinatumia cheni ya taimingi. Hedi ya moja haikai kwenye nyingine hata kama pistoni zinalingana. Sasa nizipange njia tano za kuunganisha pistoni na hedi, kuanzia ile bora.

Nafasi ya kwanza: pistoni ya ovasaizi na hedi yako mwenyewe

Najua anayetaka kuongeza nguvu hapendi kusikia hili. Lakini pikipiki nyingi za bodaboda zinazoletwa gereji kwa kilio cha "haipandi mlima" hazijapungukiwa na cc. Silinda imelika, ringi zimechoka, valvu hazifungi. Nguvu ya kiwandani imepotea, na ni hiyo ya kurudisha kwanza.

Pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko ya kiwandani, huuzwa kwa hatua za milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Ukitoka standadi ya 56.5 kwenda 57, kompresheni inahama kutoka 9 hadi kama 9.15 tu, kwa hiyo hedi yako inafaa bila kuguswa. Pesa iliyobaki itumie kusaga valvu na kubadilisha sili zake.

Nunua pistoni kwanza, ndipo umpelekee mkerezaji silinda pamoja na pistoni hiyohiyo mkononi. Fundi anayechonga kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi mwepuke. Akishika maikromita, aipime pistoni sehemu ya chini ya sketi (ubavu wake chini ya ringi), upande usio na pini, kisha aache nafasi ya milimita 0.02 hadi 0.04 kwa pistoni ya kawaida ya kumiminwa. Ringi iweke peke yake ndani ya silinda, uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upitishe fila geji (vibati vya kupimia unene) kwenye mwanya: milimita 0.15 hadi 0.30 ni salama kwa saizi hii. Mwanya ukiwa mdogo kuliko huo, ncha zitagusana injini ikipata moto, na ringi itakatika.

Nafasi ya pili: seti kamili ya 150 pamoja na hedi yake

Hii ndiyo ninayomshauri anayebeba mzigo Marangu au Machame kila siku na kesi yake bado nzima. Neno ni kamili: silinda, pistoni, ringi, pini, gasketi na hedi, vyote vya daraja moja. Ni ghali kuliko pistoni na ringi peke yake, na bado utahitaji jeti (tundu la kupitisha petroli) kubwa kidogo kwenye kabureta. Baada ya kuendesha, toa plagi uitazame: rangi ya kahawa yenye maziwa ni njema, nyeupe kama chokaa ina maana petroli haitoshi.

Pima shingo ya silinda inayozama kwenye kesi. Shingo ya 62 ni nene na inaweza kukataa kuingia kwenye kesi ya 125 mpaka kesi ichongwe. Kazi hiyo inataka injini yote ifunguliwe, kwa hiyo ijue gharama yake kabla hujalipia seti. Pia kadi ya pikipiki ina ujazo wa injini. Ukibadilisha, zungumza na bima yako mapema.

Ili kupima chumba cha hedi, yaani lile shimo mchanganyiko unamolipukia, nenda dukani na vernia (kipimo cha milimita), bomba la sindano la duka la dawa, mafuta ya taa kidogo na kipande cha plastiki ngumu angavu chenye tundu dogo. Funga plagi kwenye hedi, paka grisi ukingoni, bandika plastiki, kisha jaza chumba mafuta ya taa kwa bomba huku ukihesabu cc mpaka kipovu cha mwisho kitoke. Jumlisha na gasketi: yenye unene wa milimita 1 kwenye silinda ya 62 huongeza cc 3. Kwa cc 149, ukitaka 9 kwa 1, jumla yote juu ya pistoni iwe karibu 18.7. Muuzaji mwelewa atakuachia ufanye kazi hiyo hapo kaunta.

Nafasi ya tatu: silinda ya 62 na hedi ya 125 iliyopanuliwa

Inawezekana, kama fundi atapanua chumba cha hedi na kukipima kwa bomba, si kwa jicho. Kwenye kufunga, bandika vipande vya plastisini (udongo laini wa kuchezea watoto) juu ya pistoni, zungusha injini taratibu kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata plastisini kwa wembe upime unene. Usikubali chini ya milimita 1.5 upande wa valvu ya hewa na 2 upande wa moshi.

Nafasi ya nne: pistoni ya kichwa cha mlima (kilichoinuka katikati), au hedi iliyochongwa

Zote mbili zinapandisha kompresheni bila kuongeza cc. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini inaweza kuvumilia. Moshi ni chini kwa takriban mita 500 na joto ni kali zaidi. Pikipiki iliyotengenezwa Sakina, Arusha, ikawa haigongi (haina ule mlio wa punje za mahindi), itaanza kugonga ikishuka Moshi, na ikifika Dar ndiyo kabisa. Kwa bodaboda, acha.

Ya mwisho: hedi ya mtumba na pistoni ya dukani

Kama mfuko hauna namna, geuza hedi vyumba vikiwa chini, mimina petroli kwenye njia ya hewa kisha ya moshi, usubiri dakika mbili. Ikitoka hata tone kwenye valvu, inahitaji kusagwa. Laza hedi juu ya kioo kinene, upitishe fila geji ya 0.05 pembeni kote. Ikipenya popote, hedi imepinda. Halafu kagua uzi wa plagi na nyufa kati ya tundu la plagi na valvu ya moshi. Ukiona ufa hapo, hata ukiwa mwembamba kama unywele, mrudishie muuzaji hedi yake.