SA ni bei chee kweli? Tuufungue mfuko tuone

Mambo vipi wakulima wenzangu, leo niko hapahapa Mbarali pembeni ya majaruba na mfuko wa mbolea ya SA, ile nyeupe kama sukari, jina lake refu ni salfeti ya amonia. Kila siku mnaniuliza, kaka SA bei iko chini kuliko yurea, nichukue?

Sogea uone maandishi ya mfuko. SA ni asilimia 21, yurea 46, hiyo ni naitrojeni, kile chakula cha mmea. Yani kilo 50 za SA zina naitrojeni kilo kumi na nusu tu wakati yurea ina 23, mifuko miwili ya SA bado haijaufikia mmoja wa yurea! Kwahiyo kama wewe shida yako naitrojeni tu na SA inauzwa zaidi ya nusu ya bei ya yurea, hapo ushapigwa, na nauli ya bodaboda hujaihesabu bado.

Sasa mbona mi nanunua? Salfa bwana, imo asilimia 24, na vitunguu na kabichi vinaipenda balaa. Ukiona majani machanga ya juu ndo yanapauka njano na ya chini bado kijani, shuku salfa, maana naitrojeni ikikosekana njano inaanzia chini. Halafu kwenye mpunga amonia inang'ang'ania udongo, tofauti na CAN, ile mbolea nyingine ambayo nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, na hiyo naitreti kwenye maji yaliyotuama bakteria wanaigeuza hewa inaondoka zake.

Ngoja niwaonyeshe kitu. Kikombe, kijiko cha SA, chokaa kidogo ya ukutani, maji matone mawili, koroga... aisee! Machozi haya si ya kuigiza, inanuka kama banda la kuku lililofungwa wiki nzima. Hiyo ndo mbolea yako inapaa, so usichanganye na chokaa wala majivu jamani, najua kuna watu wanafanya.

Yurea nayo inapaa hivyohivyo ukiiacha juu ya udongo. Msimu juzi niliimwaga kwenye mahindi yakiwa yamefika magotini nikisubiri mvua, mvua ikanichunia, nikabaki na mahindi ya njano na deni la mbolea. Siku hizi napima kwa kisoda, kile kifuniko cha soda, nachimba kashimo pembeni ya shina, nafukia, na siigusishi shina maana linaungua.

Ubaya wa SA ni asidi, hapa siifichi, inachachua udongo kuliko yurea, ukiitumia kila msimu bila kupima pH, yani uchachu wa udongo, unajiharibia. Ikisoma chini ya 5.5 weka kwanza chokaa ya kilimo, mapema, sio siku moja na mbolea, si mmekiona kikombe? Na ikipata unyevu inaganda mawe, iweke juu ya mbao.

Mi kwa mpunga na vitunguu naipa nane kwa kumi, mahindi nabaki na yurea. Haya, nikakioshe hiki kikombe kabla mama watoto hajakitafuta.